Habari Ambazo Mtu Hapewi Akiwa Amesimama

Kazi ile nilipewa kwa sababu mbili tu: mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nilikuwa nikilala Kawangware na kufundisha Kibera. Afisa wa elimu wa zoni yetu alitazama orodha ya shule zake, zilizotawanyika kuanzia Kawangware hadi chini Lindi, ndani ya Kibera, akasema mwalimu huyu anazijua pande zote mbili. Kuzijua! Nilichojua ni njia ya mguu niliyoipita kila asubuhi kutoka chumba changu cha kupanga pale kituo cha matatu cha 56, barabara ya Naivasha, kisha Ngong Road, hadi darasani. Lakini miaka hiyo ya tisini mwalimu kijana hakumjibu afisa. Nilisema ndiyo bwana, nikapewa karatasi.

Kilicholeta karatasi hiyo kilikuwa moto. Miezi michache kabla, safu ya nyumba ilishika moto Lindi, mchana kweupe, madarasa yakiwa yamejaa. Watoto walipoona moshi walitoroka shuleni kwenda kuwatafuta mama zao. Mama nao walipoona moshi walikimbia shuleni kuwatafuta watoto. Wakapishana kwenye vichochoro, kila mmoja akitafuta mwenzake mahali alipokuwa ametoka. Hakuna aliyekufa, Mungu alikuwa macho, lakini hadi jua linatua kulikuwa na mama waliokuwa bado wanazunguka wakiita. Mimi mwenyewe nilipoteza watoto kumi na wanne siku hiyo, nikawapata mmoja mmoja. Sijawahi kuogopa namna ile tena.

Kwa hiyo kila shule ilitakiwa iwe na mpango wa dharura: wazazi watajuaje, watoto watakaa wapi, nani atamkabidhi nani. Karatasi iliyotoka juu ilisema shule ipige king'ora kisha iwapigie wazazi simu. Tuliisoma katika ofisi ya walimu tukacheka mpaka mwalimu wa hesabu akamwaga chai. Simu ilikuwa moja, nyeusi, juu ya meza ya mwalimu mkuu, na kwenye duara la namba ilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikaa mfukoni mwake, hata mkewe hakuushika. Na tungempigia nani? Sikuwa na mzazi hata mmoja mwenye simu. Nilikuwa na wazazi wanaofua nguo kwa matajiri wa Lavington, wanaobeba mawe kwenye mijengo, wanaokaanga samaki kando ya reli. Ama king'ora, sisi kengele yetu ilikuwa rimu ya lori, tuliyoigonga kwa chuma.

Rimu ile iligongwa kila kipindi, hivyo haingefaa kwa hatari. Mimi kwa akili zangu za chuo cha ualimu nikaamua tutumie filimbi. Mwalimu mkuu aliafiki. Tukanunua filimbi saba, na Jumanne moja saa nne asubuhi walimu saba tukasimama kona saba za uwanja tukapuliza kwa nguvu zetu zote, mara tatu ndefu. Watoto walipanga mistari vizuri sana, nakumbuka nilivyojisikia fahari. Kisha nikaenda langoni na rejista yangu kuwangoja wazazi walio karibu, maana tulikuwa tumewatangazia watoto wakawaambie kwamba wakisikia ishara waje.

Hakuja hata mmoja. Nilichosikia ni milango ya mabati ikifungwa, paa, paa, paa, mteremko mzima wa Gatwekera, mtaa uliozunguka shule yetu. Mwanamume mmoja aliruka mtaro akapotea. Redio zilizimwa. Baada ya dakika tano mtaa ule wenye kelele kuliko soko ulikuwa kimya kabisa, nami nimesimama pale langoni na kalamu yangu nyekundu.

Jioni nilitembelewa. Mama mmoja mnene, ambaye mwanawe nilimfundisha, alikuja akiwa ameshika kiuno.

"Mwalimu, nimemwaga mtungi mzima kwa mtaro. Kwani ulikuwa unaita watoto ama ulikuwa unaita karao?"

Ndipo nilipoelezwa jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza alilijua. Gatwekera wapikaji wa chang'aa, pombe ya haramu, walikuwa na watu wao wa kukaa chonjo, na filimbi ndefu ilikuwa na maana moja tu: polisi wanateremka, kila mtu afunge mlango. Hata wasiopika walifunga, kwa sababu polisi wakiingia hawaulizi nani anapika. Miaka mitatu nilifundisha pale na sikujua. Nilikuwa nafika asubuhi, naondoka jioni, na mtaa wenyewe nauona kwa juu juu.

Tuliita mkutano wa wazazi Jumamosi, wakaja wengi, nusu yao nadhani walikuja kuniona mimi mwenye filimbi. Walinicheka vya kutosha. Walipochoka, alisimama mama mmoja mzee kidogo, muuza samaki wa kukaanga, mtu wa upande wa ziwa kama mimi. Kila mtu Gatwekera alimjua kwa sababu alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wa kanisa na wa mazishi. Akaniuliza kwa upole, akiniita mwanangu kwa lugha yetu:

"Nyathina, mtu akifa huku kwetu, unafikiri sisi hujua aje? Tunapigiwa simu?"

Watu wakaitikia, wakasema eeh, hapo sasa. Ni kweli, habari ya kifo Kibera haikuhitaji simu. Mtu akifa saa tatu, kufikia saa tano ndugu zake wameshaitwa kutoka kila pembe ya Nairobi, na mchango umeanza. Kikundi cha yule mama kilikuwa na utaratibu wake. Kila mwanamke alikuwa na nyumba zake na njia zake: huyu anajua wanaofua Lavington, huyu anajua wa mijengo, huyu anajua wachuuzi wa Kawangware. Akipata habari anatoka, hata akiacha sufuria motoni. Alituambia tuwatumie wao. Niliona aibu na furaha kwa pamoja, kwa sababu jambo nililokuwa nimelala nikiliwaza wiki nzima lilikuwa limekaa mbele yangu limevaa leso.

Kabla hatujafunga mkutano, mama mwingine akainua mkono. Huyu alikuwa mtu wa Kitui, mfuaji, mwembamba, hakuwa msemaji. Binti yake alikuwa darasani kwangu, darasa la nne, na ndiye mtoto pekee aliyekuwa amebaki naye. Alisimama akawa anakunja na kukunjua ncha ya leso.

"Mimi nilitumiwa mtu kutoka nyumbani," alisema. "Akaniambia kuja, unahitajika. Nikauliza ni nini, akasema twende tu. Nikapanda basi nikijua labda ni mambo ya shamba. Njia yote nimecheka na watu, nimekula mahindi ya kuchoma. Kufika, nakuta wanachimba kaburi. Ni kijana yangu." Aliifunga ncha ya leso fundo. "Mimi nataka kitu moja tu, madam. Yule mtatuma, aniambie. Kama mtoto ni mzima, aniambie ni mzima. Kama amekufa, aniambie amekufa. Asiniambie kuja."

Nilimwahidi mbele ya watu wote. Nilimwambia, mama, utaambiwa wazi, mimi mwenyewe nimesema. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na niliamini ahadi ni kitu cha kuandika tu.

Majuma yaliyofuata ndiyo ninayoyakumbuka kwa mapenzi makubwa kuliko miaka yangu yote ya ualimu. Kila siku baada ya masomo nilitembea na yule mama wa samaki, yeye mbele na kikapu chake, mimi nyuma na daftari la kurasa tisini na sita. Rejista ya shule ilikuwa na anwani za posta za mashambani, ambazo hazingemfikia mtu kabla ya mwezi. Katika daftari langu niliandika mambo ya kweli. Mama wa huyu: Lavington, geti la kijani lenye kutu, mbwa wawili, mmoja hana mkia, Jumatatu na Alhamisi. Baba wa huyu: mjengo nyuma ya kanisa, uliza fundi mrefu. Shangazi wa hawa watatu: saluni ya pili pale 56, karibu na duka la misumari. Mtu akihama kazi, mama wa samaki alijua kabla ya sisi kufika, akaniambia nifute. Alinilisha omena na ugali nyumbani kwake, akanitania kwamba Kawangware hawajui kupika sukuma, akaniuliza kila mara kama sijapata mchumba. Nilianza kuitwa kwa milango niliyokuwa nikiipita bila kutazama. Watoto walinifuata wakiimba majina ya mitaa niliyoandika. Nilitamani kazi ile isiishe.

Tulipomaliza, tulikuwa na wajumbe kumi na wawili. Niliwapanga kwenye madawati ya darasa la nne, magoti yamebanwa, nikaandika ubaoni maneno watakayosema: Mtoto wako ni mzima, yuko shuleni, njoo umchukue. Neno mzima lije kwanza, niliwaambia, kabla hata ya salamu. Wakalikariri kwa pamoja wakicheka. Mama wa samaki alisema vizuri kuliko wote, kwa sauti ya kanisa. Nilipiga chapa mpango wote kwenye stensili, mwalimu mkuu akatia sahihi, na afisa akausifu, akasema shule zote za zoni ziuige.

Mvua za El Nino zilipokuja hazikutungoja. Alhamisi moja ilinyesha tangu alfajiri, na kufikia saa tano mitaro inayoshuka mtoni ilikuwa imebeba vidaraja vyote vya mbao. Kutoka uwanjani tuliona milango na vitanda vikielea chini kule, na kuku juu ya paa. Watoto wengi walikaa ng'ambo ya mitaro hiyo, na mbio zao zote zingewapeleka majini. Safari hii hatukupuliza chochote. Tulifunga lango, tukawakusanya watoto katika madarasa ya juu, na wajumbe kumi na wawili wakatoka na mvua, wamejifunika karatasi za nailoni. Nilikuwa naogopa lakini nilikuwa na mpango, na mpango ulikuwa ukifanya kazi. Kufikia saa saba wazazi walianza kuja, wameloa chepechepe, mmoja mmoja, nami nikiweka alama kwenye rejista. Hakuna mtoto aliyetoka bila mkono wa mtu mzima.

Saa nane hivi nilisikia kilio. Si kilio cha mtu aliyeumia. Ni kile cha matanga, kinachoanza mbali barabarani na kuja na mtu anayekimbia. Yule binti wa darasa la nne aliinua kichwa akasema, "Mwalimu, hiyo ni sauti ya mama. Nani amekufa?"

Mama yake aliingia langoni bila viatu, leso imefungwa kiunoni, mikono ya nguo bado imekunjwa juu ya viwiko kama alipokuwa akifua. Nyuma yake walikuwa wanawake wanne ambao hata sikuwajua, waliomsikia akilia njiani wakamfuata kulia naye, kama desturi ilivyo. Alimwona mtoto mlangoni pa darasa. Hakuacha kulia. Alimshika, akampapasa kichwa, mikono, magoti, akamfungua kinywa akatazama meno, huku bado analia kilio kile kile, kana kwamba kilikuwa hakijasikia habari. Mtoto naye akaanza kulia kwa hofu. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe alikaa chini kwenye saruji, mtoto mapajani, akanitazama.

"Nilikuomba kitu moja," alisema.

Mama wa samaki alifika nusu saa baadaye, anahema, maana hakuweza kukimbia kama yule. Aliichukua njia ya Lavington yeye mwenyewe kwa sababu ilikuwa ndefu kuliko zote na hakumwamini mtu mwingine nayo. Askari wa geti alikuwa amemwita mfuaji, mfuaji akatoka na sabuni mikononi. Na pale, mbele ya geti la kijani, mama wa samaki alisema, "Chukua leso yako, unaitwa shule." Alipoulizwa kuna nini, alisema, "Twende tu."

Nilimfokea. Naandika hili kwa aibu. Mtu wa umri wa mama yangu, aliyetembea saa nzima kwenye mvua, nilimfokea mbele ya wazazi na watoto, nikamuuliza nilimwandikia ubaoni kwa ajili ya nini. Alisimama akivuja maji akanisikiliza hadi mwisho.

"Neno lilikataa kutoka, nyathina," alisema. "Mtu hapewi habari akiwa amesimama kwa geti, mikono na sabuni. Habari hupewa mtu akiwa ameketi, amepewa maji, ako na watu wake. Hata kama ni nzuri. Miaka hii yote mdomo wangu haujajua njia ingine."

Mimi ni wa kwao. Nililelewa katika desturi hiyo hiyo. Ningepaswa kujua kwamba nimewachukua wanawake ambao kazi yao ilikuwa kuficha habari mpaka mtu afike salama, nikawataka wazimwage barabarani, na kwamba mtaa mzima ulikuwa ukijua wanawake hao wakija kukuita wamekuja kwa jambo gani. Lakini hasira yangu ilikuwa mbele ya akili, nami nikageuka nikaenda kuandika rejista.

Aliyeurekebisha mpango si mimi, ni yule mfuaji. Wiki iliyofuata alikuja ofisini akasema njia ya Lavington ataichukua yeye. Mwalimu mkuu alisitasita, mimi nikasema apewe. Mvua zile zilitulazimisha kuwaita wazazi mara tatu zaidi, na kila mara alianza kupaza sauti akiwa bado mbali, kwenye kona, kabla mtu hajamwona: "Wazima! Wote wazima!" Mbwa walibweka, matajiri walichungulia madirishani, askari wa mageti wakamwita Mama Wazima, naye hakujali. Wajumbe wengine walimwiga, hata wale wa Kawangware. Mama wa samaki alijaribu mara moja, akashindwa, akaomba kubaki shuleni kuwapikia watoto uji. Tulisalimiana, lakini hakunitania tena juu ya sukuma, na mimi sikumwomba msamaha. Kila siku nilisema kesho.

Mwaka uliofuata malaria ilinilaza kitandani katika chumba changu pale 56. Siku ya tatu, asubuhi, nilikuwa nimetoa stuli nje kuota jua, nikamwona mfuaji anaingia langoni mwa ploti. Hakuwa amewahi kufika kwangu. Baba yangu alikuwa hospitalini Kisumu tangu Krismasi, na ndugu zangu walikuwa na namba moja tu ya kunipata, ile ya simu yenye kufuli. Nilimtazama akija. Nilingoja apaze sauti. Alipita bomba la maji, akapita kamba za nguo, mdomo umefungwa.

Nilisimama. Alinishika mikono miwili.

"Mwalimu, baba yako amekufa," alisema. "Jana jioni. Simu imekuja saa hii shuleni, nikasema nitakuja mimi, nikuambie mwenyewe."

Aliyasema kama alivyotaka yeye aambiwe siku ile, wazi, bila kona, na alitembea kutoka Kibera hadi Kawangware kunipa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Nilijua hivyo hata wakati ule. Na bado nilitamani kwa moyo wangu wote angekuwa mama wa samaki, anikalishe, anipe maji, aniambie ninaitwa nyumbani, twende tu. Ningepanda basi. Ningekula mahindi ya kuchoma Nakuru. Ningekuwa bado na baba, njia yote, mpaka Kericho.

Sikumwambia. Nilisema asante, mama. Aliingia ndani, akavuta begi langu chini ya kitanda, akaanza kunikunjia nguo.